Nasaba, Ardhi na Damu Iliyosahauliwa Kusini mwa Nyanza

Iwapo koo za Migori na Homa Bay zifukue ukatili uliotendwa na mababu zao, au uliotendewa mababu hao, si swali la wanahistoria peke yao. Katika kaunti hizi mbili za Kenya nasaba, yaani mfuatano wa vizazi kutoka kwa babu mmoja hadi kwa walio hai, imetumika kwa muda mrefu kuamua nani alime wapi, nani azikwe wapi na nani asikilizwe barazani. Makala haya yanashikilia kwamba historia hiyo inapasa kuchunguzwa na kuandikwa yote, pamoja na sehemu zake za aibu, ila kwa sharti kwamba isigeuzwe kuwa hati ya kudai ardhi wala mashtaka dhidi ya wajukuu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Abasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano na wa mwambao wa Gwassi na Kaksingri, ambao asili yao ni ya Kibantu ingawa wengi wao leo huzungumza Dholuo, lugha ya Wajaluo. Simulizi zao huwataja miongoni mwa mababu zao Abakunta, kundi lililokimbia Buganda baada ya Kabaka Junju kuuawa, karibu na mwisho wa karne ya 18, katika vita vya kugombea kiti na ndugu yake Ssemakookiro. Simulizi za Buganda nazo husema kwamba Ssemakookiro, ingawa ndiye aliyerithi kiti, aliwafukuza waliomuua ndugu yake. Kwa hiyo anayeifuata nasaba hiyo hadi chimbuko lake humkuta babu aliyekuwa mkimbizi na, kwa mujibu wa simulizi zenyewe, mshiriki wa mauaji ya mfalme. Ukoo ukihifadhi habari za ukimbizi na kuacha habari za mauaji, watoto wake watajua njia waliyopita mababu bila kujua kilichowatoa kwao. Tena wahamiaji hao hawakuwa watu wa kwanza kuishi visiwani: michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone, kisiwani Mfangano, inahusishwa na Watwa, wawindaji waliotangulia koo za sasa.

Upande wa Migori ushahidi umesimama kwa mawe. Thimlich Ohinga, boma lililoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, lina kuta zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, zilizopangwa bila udongo wala saruji na zinazodhaniwa kujengwa katika karne ya 16. Kuta hizo husifiwa kwa ustadi wa mafundi wake, na sifa hiyo ni haki yao, lakini watu hawapandishi kuta za kimo hicho kuzunguka nyumba na mifugo yao pasipo hofu ya kushambuliwa. Wajaluo walipoenea kusini mwa Ghuba ya Winam, baadhi ya waliotangulia walihama, na wengine walibaki wakawa Wajaluo kwa lugha na kwa ndoa. Kutokana na mikutano ya namna hiyo, na pia kutokana na njaa na ukwe, walipatikana jodak, yaani watu wanaoishi katika ardhi ya ukoo usio wao kwa ridhaa ya wenye ardhi.

Wanaotetea ukimya wana hoja nzito. Kutamka hadharani kwamba jamaa fulani wametokana na mateka au wakimbizi ni kumpa jirani silaha, hasa kwa kuwa usajili wa ardhi ulipofika vijijini nasaba ilitolewa kuwa ushahidi, na hata leo hesabu za koo huingia katika kampeni za uchaguzi. Hata hivyo, ukimya huo haumlindi mnyonge, kwa kuwa wenye nguvu huendelea kuijua asili yake na kuitaja wakati wa ugomvi, huku yeye mwenyewe akikosa maelezo ya kujitetea. Tena nasaba zinazofuata upande wa baba huwapita wanawake kwa haraka, ilhali mara nyingi ni kwa mama, aliyeolewa kwa mahari au aliyetwaliwa vitani, ndipo mtu angejua jinsi koo mbili zilivyounganishwa.

Sheria za Kenya zenyewe zimeacha nafasi ya uchunguzi usio na madai. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilipewa kipindi cha kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi tarehe 28 Februari 2008. Sheria ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi nayo inahesabu dhuluma za kihistoria za ardhi kuanzia tarehe 15 Juni 1895 hadi tarehe 27 Agosti 2010. Vita vya koo vya kabla ya hapo viko nje ya mipaka yote miwili, na mipaka hiyo, inayoweza kuonekana kuwa upungufu, kwa kweli ni kinga, maana inawezesha ukweli kusemwa bila mtu kuogopa kung'olewa shambani.

Ukatili wa kikoloni hauna kinga hiyo, wala haupaswi kuwa nayo, kwa sababu ulitendwa na utawala ambao warithi wake bado wapo. Wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyokusanya Wajaluo, Abasuba, Wakuria na Wakisii, ilishuhudia mashambulizi ya Waingereza dhidi ya Wakisii mwaka 1905 na 1908, kisha wanaume wa Nyanza wakachukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Familia zinazodai majina hayo yaandikwe zinadai haki.

Uchunguzi huu unahitaji nidhamu. Nasaba za mdomo huruka vizazi vya katikati, kwa hiyo simulizi ya ukoo mmoja lazima ipimwe kwa simulizi ya jirani aliyeshindwa. Nyaraka za awali za kikoloni zitafutwe Uganda pia, kwa kuwa eneo hili lilikuwa chini ya utawala wa huko hadi mwaka 1902, na zisomwe kwa tahadhari, maana ziliandikwa na washambulizi. Vipimo vya vinasaba, vinavyozidi kutumiwa duniani, huonyesha udugu, lakini haviwezi kueleza kama bibi aliletwa kwa mahari au kwa mkuki.

Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya maktaba na makumbusho, na Mfangano tayari ina makumbusho ya Abasuba. Kaunti za Migori na Homa Bay zinaweza kuandika simulizi za pande zote mbili katika kitabu kimoja, zikificha majina ya jamaa walio hai na kutamka wazi kwamba maandishi hayo si ushahidi wa umiliki. Mjukuu hana hatia ya mauaji ya babu yake, lakini akiyaficha makusudi anawanyima wajukuu wa waliouawa haki ya kujua yaliyowapata watu wao, na kosa hilo ni lake mwenyewe.