Sheria ni Msumeno: Mbona Misituni Unakata Upande Mmoja?

Wahenga walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sisi tulio mawakili twaipenda sana methali hiyo na hatuchoki kuitaja mbele ya mahakimu. Leo twawaomba wasomaji wetu waitafakari mahali ambapo msumeno ni msumeno wa kweli: katika viwanda vya kupasua mbao vya Elburgon, Molo, Njoro na Londiani, na katika karakana za maseremala kutoka Eldoret hadi Gikomba. Huko, kwa zaidi ya miaka ishirini, sheria imekuwa ikikata upande mmoja tu, nao ni upande wa mnyonge.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wakubwa hupenda kuyachanganya. Nchi yetu ina misitu ya asili, kama ile ya Mau, Aberdare na Mlima Kenya, ambayo ni chemchemi ya mito yetu. Msitu wa namna hiyo hauna mbadala, na anayeuvamia kwa shoka anakata koo la taifa. Lakini ipo pia misitu ya kupandwa, ya saiprasi, misonobari na mikaratusi. Hiyo ni mazao kama mahindi yalivyo mazao, ila mkulima wake hungoja miaka ishirini na mitano au thelathini kabla ya kuvuna saiprasi ya mbao. Mti huo hupandwa, hupogolewa, wenzake dhaifu hupunguzwa ili uliobaki unenepe, kisha hukatwa na mwingine kupandwa mahali pake. Usipopogolewa, mbao yake hujaa vifundo. Usipokatwa wakati wake, huanza kuoza ukiwa umesimama.

Miti hiyo ilipandwa na nani? Tangu mwaka wa 1910 serikali ya kikoloni ilitumia utaratibu ulioitwa mfumo wa shamba. Maskini asiye na ardhi alipewa kipande cha msitu uliokatwa, akalima chakula chake kwa miaka michache huku akiitunza miche ya serikali katikati ya mahindi na viazi vyake. Miche ilipokua na kutoa kivuli, alihamishiwa kipande kingine. Jasho la watu wasio na hatimiliki ndilo lililootesha utajiri huu. Ni haki basi kuuliza ni nani anayeuvuna.

Hapana shaka kwamba misitu yetu iliporwa, wala hatusemi hivyo ili kumfurahisha mtu. Mwaka wa 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa na wahuni kwa kosa la kwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa wenye kujenga majumba. Mwaka wa 2001 serikali ilitangaza nia ya kumega takriban hekta 67,000 za misitu. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya mwaka wa 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawanywa kama zawadi za kisiasa. Ugonjwa ulikuwepo. Swali letu ni kuhusu dawa iliyotolewa, na kuhusu nani alilazimishwa kuinywa.

Mwaka huo huo wa 1999, serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Wenye viwanda vidogo waliamriwa wasimamishe misumeno yao. Lakini makampuni machache makubwa, miongoni mwao Pan African Paper Mills ya Webuye, Raiply ya Eldoret na Timsales, yaliruhusiwa kuendelea. Sababu iliyotolewa ni kwamba makampuni hayo yaliajiri watu wengi na yalikuwa na umuhimu kwa uchumi. Je, wale mamia ya wenye viwanda vidogo hawakuajiri watu? Mpasuaji mbao wa Elburgon aliyekuwa na vibarua kumi, dereva mmoja na trekta la mkopo hakuwa sehemu ya uchumi? Marufuku ile ilidumu kwa zaidi ya miaka kumi. Katika muda huo mashine zilishika kutu na mafundi wakatawanyika. Ujuzi wa kunoa msumeno na kulipima gogo kwa macho, ambao baba humrithisha mwana, ukaanza kupotea.

Wala upendeleo haukuwaokoa hata wafanyakazi wa waliopendelewa. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza uzalishaji katika miaka ya sabini, kilifungwa mwanzoni mwa mwaka wa 2009. Mji mzima uliokuwa ukiishi kwa mshahara wa kiwanda kimoja ulianguka nacho. Jitihada za kukifufua hazikudumu, na mwaka wa 2016 mali yake iliuzwa kwa shilingi milioni 900, bei iliyozua malalamiko mengi. Funzo ni dhahiri shahiri. Kampuni inayosimama kwa kibali maalumu haina haja ya kujifunza kusimama kwa miguu yake, na siku itakapoanguka, mwenye kuumia ni mfanyakazi.

Tulidhani tumejifunza. Bunge lilitunga Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2005, likaunda Huduma ya Misitu ya Kenya, likavipa vyama vya jamii nafasi katika usimamizi. Katiba ya mwaka wa 2010 ilifika mbali zaidi. Kifungu cha 10 kinafanya ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi za serikali, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomdhuru. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihakikishe maliasili zinatumiwa kwa njia endelevu na faida zake zinagawanywa kwa usawa. Mwaka wa 2016 ikatungwa sheria mpya ya uhifadhi na usimamizi wa misitu. Karatasi, basi, hatukukosa.

Lakini Februari 2018, Naibu wa Rais wa wakati huo, William Ruto, alitangaza marufuku nyingine. Ilikuwa ya siku 90. Siku hizo ziliongezwa, zikaongezwa tena, zikawa miaka. Kisha tarehe 2 Julai 2023, mtu huyo huyo, sasa akiwa Rais, alitangaza katika ibada ya Jumapili huko Molo kwamba marufuku imekwisha, akisema ni upumbavu kuacha miti iliyokomaa ioze huku wananchi wakikosa mbao. Mwezi uliofuata, baada ya Chama cha Mawakili kwenda kortini, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitoa amri ya muda ya kusimamisha uamuzi huo.

Tafadhali wasomaji watuelewe. Hatusemi kwamba Rais alikosea kusema kuwa mti uliokomaa uvunwe. Hata sisi tumesema hivyo hapo juu. Wala hatusemi kwamba mwaka wa 2018 hapakuwa na wezi msituni. Walikuwepo, na wengine walikuwa na sare za serikali. Tunachosema ni kwamba mlango uliofungwa kwa tamko na kufunguliwa kwa tamko haujawahi kuwa na ufunguo mikononi mwa mwananchi. Tulipokiondoa kifungu cha 2A mwaka wa 1991, hatukuondoa ukiritimba wa chama kimoja pekee. Tuliikataa desturi ya nchi kuongozwa kwa kauli za jukwaani. Inasikitisha kuona desturi hiyo ikipata makao mapya chini ya vivuli vya misonobari, na inasikitisha zaidi inaposikika mbele ya madhabahu.

Yatazameni matokeo. Oktoba 2020, marufuku ikiwa ingali inatumika, serikali ilitenga shilingi bilioni 1.9 ili maseremala wa mitaani watengeneze madawati ya shule. Lilikuwa jambo jema. Lakini mkono mmoja ulimpa seremala kazi, na mkono wa pili ukawa umefunga ghala la mbao. Sehemu ya pengo hilo ilizibwa na wakulima waliokata miti ya mashambani, mara nyingi ikiwa michanga. Sehemu nyingine ilizibwa na misonobari ya Tanzania, kutoka mashamba makubwa kama Sao Hill, na magogo magumu ya Kongo yanayopitia Uganda. Kwa hiyo shoka halikutupwa, lilivushwa mpaka. Tunajisifu kuwa tumeiokoa misitu yetu huku tukikalia viti vilivyotoka katika msitu wa jirani, na hatuulizi ulikatwaje.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha jambo. Utajiri wa mti hauko katika gogo, bali katika kila mkono unaoligusa baadaye: anayelipasua, anayeikausha mbao, anayepiga randa, anayeunganisha, anayepaka vanishi. Kila mkono ni mshahara. Lakini mwenye kiwanda ambaye hajui kama mwaka ujao ataruhusiwa kununua hata gogo moja, atathubutuje kukopa pesa za kujenga tanuri la kukaushia mbao? Atabaki na msumeno wake wa zamani, ambao hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi na mabanzi. Mbao atauza mbichi. Seremala atatengeneza kabati kwa mbao mbichi, na baada ya miezi michache mlango wa kabati utapinda na usifunge. Mnunuzi atasema, "Vitu vya hapa ni vibovu," kisha ataenda kununua fanicha iliyoletwa na meli. Mwezi wa Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipandisha ushuru wa pamoja wa fanicha kutoka nje ya Jumuiya hadi asilimia 35. Lakini ushuru haukaushi mbao. Ukimlinda fundi bandarini na kumnyima malighafi msituni, umemlinda ili afe njaa polepole.

Wako watakaotuambia kwamba marufuku ndiyo iliyoongeza miti nchini. Hesabu ya serikali ya mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu asilimia 8.83, nasi twashukuru. Lakini utafiti uliochapishwa na wizara yenyewe mwaka wa 2013 ulikadiria kwamba taifa lahitaji mita za ujazo milioni 41.7 za mazao ya miti kwa mwaka, huku uwezo wetu wa kuyatoa ukiwa milioni 31.4. Sehemu kubwa ya mahitaji hayo ni kuni na makaa ya akina mama wa kawaida. Pengo kama hilo halizibwi kwa katazo. Lazibwa kwa kupanda, kutunza na kuvuna kwa zamu, na kwa kuhakikisha kwamba aliyevuna amepanda.

Basi tunadai nini?

Kwanza, mpango wa uvunaji wa kila msitu wa kupandwa uchapishwe kila mwaka na kubandikwa mahali ambapo mwananchi atausoma: ni sehemu ipi, ina miti ya umri gani, kiasi gani kitakatwa, na sehemu ipi itapandwa upya. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari hiyo.

Pili, miti iuzwe kwa zabuni ya wazi, na igawanywe katika mafungu yanayoweza kununuliwa na mwenye kiwanda kidogo au chama cha ushirika, si na tajiri mmoja pekee.

Tatu, pasiwepo kampuni ya kusamehewa katazo bila sababu kuandikwa na kutangazwa. Msamaha usio na sababu ni hongo iliyovaa suti.

Nne, sehemu ya mapato ya misitu irudi kwa mafundi: matanuri ya pamoja ya kukaushia mbao, mafunzo katika vyuo vya ufundi, na kibali cha kusafirisha mbao kinachoheshimiwa katika vizuizi vya barabarani. Leo mwenye karatasi halali na mwenye mali ya wizi hutozwa kitu kidogo kwa usawa, na usawa huo hatuutaki.

Kwa ndugu na dada zetu wa makanisani tuna neno la ziada. Bwana mnayemwabudu aliitwa seremala na watu wa kijiji chake. Na Mfalme Sulemani alipotaka mierezi na miberoshi ya kujengea hekalu, hakuichukua kwa kauli. Aliafikiana na Hiramu wa Tiro, na malipo ya ngano na mafuta yakajulikana. Makanisa yetu hununua viti, milango na mimbari kila mwaka, na mengi yana ardhi. Mwulizeni fundi mbao imetoka wapi, na mlipeni bei ya haki anapowaonyesha. Pandeni miti katika ardhi ya parokia kwa hesabu ya miaka thelathini. Na kiongozi yeyote anapokuja kutangaza sera ya nchi baada ya sadaka, mpeni chai, kisha mwulizeni kwa adabu: uamuzi huu umeandikwa wapi, na ni nani aliyeshauriwa?

Kwa wanaharakati wetu, kazi ya mwezi huu ni nyepesi. Nendeni katika ofisi ya misitu iliyo karibu nanyi, mkiwa wawili au watatu, mwombe kwa barua mpango wa uvunaji na orodha ya walioshinda zabuni. Mkipewa, usomeni mbele ya watu. Mkinyimwa, tuleteeni nakala ya barua yenu yenye mhuri wa kupokelewa. Hiyo ndiyo itakayotupa la kusema mbele ya hakimu.