Waliovuta ngazi ya watoto wa Kigoma watuambie itarudi lini

Julai 25, 2021 wakubwa walikuja Kigoma. Simba na Yanga zilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho katika uwanja wa Lake Tanganyika, Simba ikashinda 1-0 kwa bao la Mganda Taddeo Lwanga. Kwa siku moja mwisho wa reli uligeuka kuwa katikati ya nchi. Magari yenye vioo vyeusi yalipanda na kushuka Mwanga, na sisi wa Ujiji tulijipanga kandokando ya barabara kuwapungia mkono, kama ilivyo kawaida yetu.

Baada ya vumbi kutulia, mzee mmoja wa kijiweni aliniuliza swali ambalo hadi leo sijaweza kulijibu. Katika wale vijana ishirini na wawili walioanza mchezo, ni nani aliyetokea katika shule ya sekondari ya mkoa huu? Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikaishia kukunja ngumi.

Ndugu msomaji, tusidanganyane kwamba Kigoma haina vipaji. Ukoo wa Manara, uliotoa Kitwana, Sunday na Kassim, asili yake ni huku kwetu. Sunday Manara alikwenda kuchezea Heracles ya Uholanzi mwaka 1977, wakati ambapo Mtanzania kucheza mpira Ulaya ilikuwa hadithi ya kusimuliana usiku. Golikipa Juma Kaseja alizaliwa Kigoma mwaka 1985. Lakini Kaseja alionekana wapi? Alionekana Dar es Salaam, akiwa Makongo Sekondari, shule ya jeshi iliyokuwa chini ya Kanali Iddi Kipingu, mtu aliyeelewa kwamba mwanafunzi anaweza kushika daftari na mpira kwa mkono uleule. Mtoto wa Kigoma ilibidi asafiri zaidi ya kilomita 1,200 ndipo apate shule inayomtazama miguu na mikono yake.

Wale ambao hawakubahatika kupata shule ya namna hiyo walikuwa na njia moja tu, nayo inaitwa UMISSETA.

Vijana wa leo wanalisikia jina hili redioni kila mwaka wakadhani ni bonanza la soda, maana Coca-Cola nao waliwahi kubandika jina lao pale. UMISSETA ni Umoja wa Michezo ya Shule za Sekondari Tanzania. Wadogo wa shule za msingi wana wao, UMITASHUMTA. Utaratibu wake ni rahisi na wa haki kuliko uchaguzi mwingi tulioupigia kura katika nchi hii. Unashindana darasani kwako, kisha shule kwa shule, kisha wilaya. Wilaya zinapambana, unachaguliwa timu ya mkoa, unawekwa kambini. Enzi zetu kulikuwa na michezo ya kanda, na ukivuka hapo unakwenda taifa. Hakuna anayekuuliza baba yako ni nani wala kadi yako ya chama ni ya rangi gani. Ukikimbia mita 1,500 ukawa wa kwanza, wewe ni wa kwanza, hata kama ulikuja na kandambili.

Mimi niliipanda ngazi hiyo hadi kambi ya mkoa. Sikufika mbali, niliishia kuwa mchezaji wa akiba. Tulilala kwenye sakafu ya madarasa, magodoro yetu yakiwa mikeka tuliyotoka nayo nyumbani. Chakula kilikuwa ugali, maharage na dagaa waliokaangwa kwa mawese, asubuhi uji. Kulikuwa na kijana wa Kagunga, kule mpakani na Burundi, ambaye hakuwa amewahi kupanda gari. Kwao usafiri ni boti. Alikuja Kigoma kwa boti ya mizigo, akashukia Kibirizi akiwa na kiroba na barua ya mwalimu wake. Kulikuwa na wasichana wa netiboli kutoka Kasulu na Kibondo ambao kwa wazazi wao safari ile ilikuwa vita: binti aende kulala nje ya nyumba kwa ajili ya mpira? Walimu wao walikwenda nyumbani kwa wazazi, wakaketi, wakanywa maji, wakabembeleza. Mwalimu wa michezo wa siku zile alikuwa mlezi, mganga, bawabu na karani wa kugawa nauli kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwongezea senti.

Timu iliyochaguliwa ilipanda treni hadi Tabora, zaidi ya kilomita 400, behewa la daraja la tatu, wanafunzi wamelaliana kama magunia ya chumvi ya Uvinza. Sisi wa akiba tuliokatwa tulibaki stesheni tunapunga mikono. Nililia, sioni aibu kusema. Lakini nilijua kwa nini nimeachwa: aliyechukua nafasi yangu alikuwa bora kuniliko. Ni mara chache katika nchi hii mtu wa chini kuachwa kwa sababu inayoeleweka.

Tabora kwenyewe ilikuwa shule. Mtoto wa Heru Juu alikutana na mtoto wa Nzega na wa Urambo, wakagundua kwamba Kiswahili chao kinafanana ila matusi yanatofautiana. Na pembeni ya uwanja walikaa watu wa klabu na wa majeshi na daftari zao. Kwa kijana wa Kigoma ile ndiyo siku pekee ambayo mtu mwenye kazi ya kumpa alikuwa anamtazama.

Mapema miaka ya 2000 ngazi ile ikavutwa. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joseph Mungai, alifuta mashindano ya michezo mashuleni. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba michezo inakula muda wa masomo. Marehemu Mungai ametangulia mbele ya haki mwaka 2016, nami si mtu wa kumsema asiyeweza kujibu. Ila uamuzi haukuwa wa mtu mmoja. Kulikuwa na baraza zima la mawaziri, kulikuwa na Bunge lililojaa wabunge wa chama kimoja, nao walipiga makofi au walisinzia. Ni wizara ileile iliyokuja na wazo la kuunganisha Fizikia na Kemia kuwa somo moja, kwa hiyo wepesi wa kufuta na kuchanganya mambo ya watoto wa watu haukuwa mgeni pale.

Hivi masomo yalipanda kwa kufuta mpira? Nenda kwa mwalimu yeyote aliyefundisha mkoani Kigoma miaka ile umuulize. Vitabu havikuongezeka. Maabara hazikuota. Kilichotokea ni kwamba saa kumi jioni, muda ambao wavulana walikuwa uwanjani chini ya jicho la mwalimu, wakawa Kibirizi na Katonga wanasubiri mitumbwi ya dagaa. Mwingine akaonja fedha ya dagaa asirudi tena darasani.

Mwaka 2006 serikali mpya iliingia kazini, Margaret Sitta akiwa Waziri wa Elimu, na michezo ikarejeshwa. Tukashangilia. Lakini piga hesabu, ndugu msomaji. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza amri ilipotoka na kumaliza cha nne kabla haijafutwa, huyo hakuiona UMISSETA hata siku moja maishani mwake. Ni kizazi kizima. Leo ni watu wazima wa karibu miaka arobaini, wana watoto sekondari, na ndio walimu tunaowataka wafundishe michezo ambayo wao wenyewe hawakufundishwa. Mtaani mtoto wa Dar es Salaam alikuwa na timu za vijana, alikuwa na viwanja vya mchangani vinavyotembelewa na makocha, alikuwa na Makongo. Huyu wetu alikuwa na ziwa.

Watu wanalia kwamba tangu fedha mbili za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kule Moscow mwaka 1980, Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Wanatafuta mchawi. Mchawi mmojawapo alikuwa na mhuri na karatasi yenye nembo ya taifa.

Sasa tuje kwenye michezo iliyorudi. Mashindano ya taifa yalifanyika Mwanza 2018, Mtwara 2019. Mwaka 2020 corona ikayazuia. Yakaenda Mtwara tena 2021, kisha Tabora miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, na Iringa 2025. Kigoma haimo katika orodha hiyo. Tunaambiwa huku ni mbali. Ni mbali kutoka wapi? Kwa mtoto wa Kagunga, Mtwara si mbali? Huyu anavuka nchi nzima, kutoka maji hadi maji, na hakuna anayemhurumia. Fainali ya Simba na Yanga ilipotakiwa kuja, umbali uliisha ghafla.

Na nauli ya mtoto huyo analipa nani? Tangu 2016 tunaimbiwa elimu bila ada, na michango ya lazima imepigwa marufuku. Vizuri. Lakini jezi hazishonwi kwa hotuba. Najua shule moja mkoani humu, sitaitaja maana mwalimu wake mkuu atahamishwa kesho, ambayo ilipeleka timu wilayani kwa fedha ya mfukoni ya walimu wawili na lifti ya lori la matofali. Wakashinda. Raundi iliyofuata hawakwenda, lori lilikuwa na safari nyingine.

Nimeacha jambo la uwanja hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu nikianza nalo nitaambiwa naleta siasa. Lake Tanganyika ni mali ya CCM. Ndivyo pia Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Mkwakwani Tanga, Ali Hassan Mwinyi Tabora na vingine. Viwanja vya namna hii vilijengwa enzi za chama kimoja, kwa jasho na michango ya wananchi ambao hawakuwa na chama kingine cha kuchangia hata kama wangetaka. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992, nchi ikawa ya wote lakini viwanja vikabaki vya mmoja. Huko Arusha kuna kimojawapo chenye jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, mtoto wa Ujiji aliyezaliwa mwaka 1924, mshairi, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Jina ni letu, hati ni yao.

Siwaombi leo wavirudishe vyote, ingawa wangekuwa waungwana wangefanya hivyo. Naomba kidogo kuliko hapo. Michezo ya shule ya wilaya na mkoa ichezwe Lake Tanganyika bila shule kudaiwa senti ya kukodi. Mashujaa, timu ya jeshi iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023, inacheza pale na tunaishangilia kama yetu. Basi watoto wanaokaa jukwaani kuishangilia waruhusiwe nao kukanyaga nyasi zile walau wiki moja kwa mwaka, watu wa Mashujaa wakae pembeni na daftari kama walivyokaa wenzao Tabora zamani.

Na halmashauri zetu, kuanzia Kigoma Ujiji hadi Kakonko na Uvinza, zitoe hadharani orodha ya viwanja vya shule: kipi kina hati, kipi kimemegwa, kipi kimeota nyumba ya mheshimiwa. Mkutano wa baraza la madiwani uko wazi kwa wananchi. Ukifika, kaa mbele, na swali la kuuliza unalo.