Wazazi wa wavulana nao waape



Natoa maoni yangu kuhusu ukeketaji.

Sheria ya kuwalinda wasichana walio chini ya miaka 18 tunayo tangu 1998. Wanawake waliokeketwa nchini walikuwa asilimia 18 mwaka 1996. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 8. Hayo ni maendeleo, lakini huko Manyara, Mara na Singida visu bado vinafanya kazi, na wengine huwakata watoto wachanga ili serikali isijue.

Watu husema ni ujinga wa wazazi. Mimi sikubali. Ipo elimu iitwayo nadharia ya michezo, inayochunguza jinsi uamuzi wa mtu unavyotegemea atakachofanya mwenzake, kama kwenye bao. Kwa elimu hiyo Gerry Mackie alieleza mwaka 1996 kuwa desturi hii inashikiliwa na ndoa. Baba akiacha peke yake, anahofu binti yake hataolewa. Wote wakiacha siku moja, hapana anayepata hasara. Basi kila mmoja anamngoja mwenzake, hata kama moyoni wamechoka wote.

Wachina waliwafunga watoto wa kike miguu isikue, kwa karne nyingi, na amri za watawala hazikufua dafu. Mwishoni mwa karne ya 19 zikaanzishwa jumuiya ambazo wanachama wake waliahidi kutowafunga binti zao, na pia kutowaoza wana wao wasichana waliofungwa. Ahadi hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa dawa.

Sisi tumezoea kuwaita ngariba wakabidhi visu mbele ya wapiga picha. Ngariba ni fundi tu, na kisu kingine si ghali. Maadam mteja yupo, ataitwa wa kijiji cha pili.

Nashauri mikutano mikuu ya vijiji iwaite wazazi wa wavulana, na wavulana wenyewe, waseme hadharani kuwa wataoa wasiokeketwa, na majina yao yaandikwe katika muhtasari. Vijiji vinavyooana vifanye hivyo pamoja, kwani kijiji kimoja kikiapa peke yake, binti zake wataolewa wapi? Kazi hiyo ifanyike kabla ya Desemba, shule hazijafungwa.

Mzazi,
Musoma.