AJALI HAINA KINGA, LAKINI MASHINE INAYO

Ndugu Wafanya Kazi,

Katika karakana nyingi za samani utaikuta meza moja ambayo haikununuliwa dukani. Uso wake ni kipande cha plaiwudi au mlango wa zamani, miguu yake ni masalio ya saiprasi, na katikati pana tundu. Chini ya tundu hilo imening'inizwa rauta, ile mashine ndogo ya kushikwa kwa mikono miwili. Imepinduliwa kichwa chini, na biti yake imechomoza juu ya meza kama jino. Fundi anasukuma ubao, na biti inachimba mfuo wa kioo, au inatia urembo kwenye ukingo wa mlango wa kabati. Meza hiyo aliitengeneza fundi mwenyewe, kwa akili yake, mara nyingi saa ya chakula au Jumamosi jioni, wala hakulipwa hata senti moja kwa kuitengeneza.

Tunaanza kwa kumsifu fundi huyo. Mashine kubwa ya kazi ile, yenye kinga zake na swichi yake kutoka kiwandani, tajiri hakutaka kuinunua. Fundi akaziba pengo. Kwa rauta moja na mbao za kutupwa akapata mashine mbili: moja ya mkononi na moja ya mezani. Anayesema kwamba mfanya kazi wa nchi hii hana ubunifu, na aje aione meza hiyo.

Lakini tukishamsifu tunauliza: Ni nani anayekula faida ya meza hii, na ni nani anayeitolea vidole?

Tunalo la kusimulia. Ndugu yetu mmoja, seremala wa miaka mingi, alikuwa akitia urembo kwenye vipande vifupi vya fremu. Umeme ukakatika. Akangoja kidogo, kisha akapeleka mkono kufuta vumbi lililoziba tundu. Swichi ya rauta ilikuwa chini ya meza, imefungwa kwa mpira ili isijizime. Umeme ukarudi. Ncha za vidole viwili zilikwenda kabla hajajua kumetokea nini.

Tulipokwenda kwa tajiri wake alitujibu maneno mawili tu. La kwanza: "Ajali haina kinga." La pili: "Meza aliitengeneza mwenyewe." Akarudi kwenye simu yake.

Maneno hayo tumeyasikia katika karakana nyingine pia, na leo tunayajibu.

Kwanza, methali. Wazee waliposema ajali haina kinga walimaanisha radi, na mti unaomwangukia mpita njia. Hawakumaanisha swichi iliyofungwa kwa mpira. Kwetu umeme hukatika na kurudi, na hata mtoto wa shule anajua hivyo. Swichi iliyofungwa itaiwasha mashine umeme utakaporudi, na kila fundi anajua hivyo. Mambo mawili yanayojulikana yakikutana mbele ya mkono wa mtu, hiyo si ajali. Hiyo ni hesabu, na jumla yake ilijulikana tangu asubuhi.

Pili, meza. Ni kweli aliitengeneza mwenyewe. Na milango iliyotoka kwenye meza hiyo, nani aliiuza? Siku ya faida meza ni mali ya karakana, na siku ya damu meza ni mali ya fundi. Hatukubali hesabu ya namna hiyo. Aliyekaa miezi akiitazama meza ile ikimwingizia fedha, akapita kando yake kila siku na asiseme neno, ameikubali meza hiyo na hatari yake yote.

Sasa tugeukie mafundi wenzetu, maana lawama nyingine ni yetu, na chama kisichosema kweli kwa watu wake hakifai.

Ndugu, rauta iliyo mkononi na rauta iliyo chini ya meza ni mashine mbili mbalimbali. Ukiishika mkononi, mikono yako yote miwili iko kwenye vishikio, na vishikio viko mbali na biti. Mashine ndiyo inayotembea, ubao umebanwa. Ukiipindua chini ya meza, mambo yote yamepinduka pamoja nayo. Sasa mashine imebanwa na ubao ndio unaotembea, na mikono yako iko juu ya ubao, inaelekea kwenye biti. Kinga uliyokuwa nayo bila kujua, yaani vile vishikio, umeiondoa. Usipoweka nyingine mahali pake umebaki uchi.

Na hiyo biti si kitu cha mchezo. Tupige hesabu. Biti pana ya milimita 50 ikizunguka mara 20,000 kwa dakika moja, makali yake yanakimbia karibu kilomita 188 kwa saa. Hakuna mkono wa binadamu unaorudi nyuma upesi kuliko hapo. Kwa hiyo anayesema, "Mimi nina macho, nitaondoa mkono," anajidanganya. Biti pana kama hiyo haifai kuzungushwa kwa mwendo mkubwa hata kidogo. Ni lazima mashine iwe na kidhibiti cha mwendo na ishushwe. Ikiwa rauta yako ina mwendo mmoja tu, biti pana si zako.

Basi meza iliyo halali ni ipi? Sisi tunasema ina mambo haya matano, na kila moja linaweza kufanywa na seremala katika karakana yake, ila la kwanza, ambalo fundi wa umeme ndiye wa kulifunga.

Moja, swichi. Iwe mbele ya meza, pale goti au paja linapofika, ili uweze kuizima bila kuinama na bila kutoa macho kwenye kazi. Iwe ile ya namna ambayo umeme ukikatika inajizima, na umeme ukirudi haiwaki mpaka mtu aibonyeze. Mpira, kamba na utepe kwenye swichi ya rauta tunavipiga marufuku kabisa.

Mbili, mshikio wa mashine. Rauta isining'inizwe kwa misumari wala kwa skrubu fupi za mbao. Ifungwe kwa bolti zinazopita kwenye bamba nene lisilopinda, na bamba likae sawasawa na uso wa meza, ubao usije ukakwama kwenye ukingo wake. Mashine inatetemeka siku nzima. Bolti zikaguliwe kila asubuhi.

Tatu, ubao wa mwongozo. Unyooke, ubanwe pande zote mbili, na biti ijifiche ndani ya pengo lake, ionekane ile sehemu inayokata tu. Ukisimama mbele ya meza, na mwongozo ukiwa ng'ambo ya biti, ubao uingie kutoka kuume kwenda kushoto, kuipinga biti inavyozunguka. Ukiupeleka kinyume, biti itaunyakua na kuurusha, na mkono uliokuwa ukiusukuma utaangukia mahali ulipokuwa ubao. Tena ni mwiko kupitisha ubao kati ya biti na mwongozo.

Nne, kinga na kijiti. Juu ya biti pawe na kifuniko, hata cha plastiki ngumu inayopitisha macho. Kipande kifupi kisisukumwe kwa vidole; kisukumwe kwa kijiti, au kitiwe urembo kingali kwenye ubao mrefu na kukatwa baadaye. Na mfuo wenye kina usichimbwe kwa mpigo mmoja. Chukua kidogo, inua biti, rudia. Wakati wa kubadilisha biti, chomoa plagi ukutani na uiweke mahali unapoiona kwa macho.

Tano, vumbi na kelele. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kuwa huleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Katika meza hii biti iko karibu na uso wako kuliko katika kazi ya mkononi, na vumbi jingine linaiangukia mota yenyewe. Kwa hiyo pawe na bomba la kunyonya vumbi nyuma ya mwongozo, na barakoa. Ama kelele, kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinakataza mfanya kazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Rauta inapokata ubao mgumu mara nyingi hupita kiwango hicho. Masikio hayaoti tena.

Hapa tunajua watakaotupinga. Wako wa aina mbili.

Wa kwanza ni tajiri atakayesema, "Hayo yote ni gharama." Tunamjibu: hesabu bei ya swichi, bamba la chuma na siku mbili za fundi, kisha uiweke kando ya bei ya mlango mmoja wa mahogani unaomuuzia mteja wako. Rahisi ni ghali, bwana. Na ukiona bei bado ni kubwa, basi nunua ile mashine uliyokwepa kuinunua.

Wa pili ni fundi mwenzetu atakayesema, "Nimefanya kazi miaka 20 bila kinga, na vidole vyangu ni hivi hapa." Huyu anatuuma zaidi, kwa sababu kijana anayejifunza kazi anamsikiliza yeye kuliko anavyotusikiliza sisi. Mzee, tunakuheshimu. Lakini bahati yako si kinga ya mtu mwingine. Kijana wa mwezi wa pili kazini hana mkono wako. Wewe unamfundisha dharau, na mashine inamfundisha mengine.

Tena tuseme wazi jambo lililo chini ya haya yote. Kwa nini fundi hufunga swichi kwa mpira? Kwa nini huona kijiti cha kusukumia kinamchelewesha? Si kwa ujinga. Ni kwa sababu analipwa kwa mlango, si kwa siku, na bei ya mlango imeshushwa hata akienda pole pole hapati nauli ya kumrudisha nyumbani. Nyapara anamsimamia na saa mkononi. Haraka hiyo haikutoka kwa fundi. Imetoka kwenye karatasi ya malipo. Anayetaka kinga zikae mahali pake na aanze kwa kupandisha bei ya kazi mpaka mtu aweze kuifanya kwa utulivu. Ndiyo maana usalama na mshahara ni dai moja mezani pa mapatano, si madai mawili.

Sheria nayo iko upande wetu, tukiitumia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwenye mahali pa kazi wajibu wa kuhakikisha mashine zilizomo ni salama, na haimwambii kwamba wajibu huo unakwisha ikiwa mashine ilitengenezwa na mfanya kazi. Inataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Inasema mfanya kazi akitoa taarifa ya hatari kubwa iliyo karibu, asilazimishwe kurudi mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Nayo sheria ya mafao ya wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi anayehusika katika muda wa siku saba baada ya kupata habari. Mafao hayo hayamtaki aliyeumia athibitishe kwanza kosa la tajiri. Basi ukiambiwa "ni kosa lako, nenda nyumbani," usiende nyumbani. Njoo chamani.

Na nyinyi ndugu wa jua kali, mnaofanya kazi chini ya mabati yenu wenyewe, msidhani hatuwasemi. Hamna tajiri wa kumdai, lakini biti haiulizi mwenye karakana ni nani. Mkono wako ndio mtaji wako wote.

Kwa hiyo tunaagana hivi. Juma hili kila mwanachama mwenye meza ya namna hii katika karakana yake aikague kwa mambo matano tuliyoyataja. Penye upungufu, aandike barua fupi kwa msimamizi, aitie tarehe, na nakala aiache kwa mjumbe wa chama. Meza yenye swichi iliyofungwa kwa mpira isiwashwe tena na mtu yeyote kuanzia leo. Fundi akiombwa kutengeneza meza mpya, adai alipwe kwa kazi hiyo, na adai swichi na kinga ziwe ndani ya bei, kama vile miguu ya meza ilivyo ndani ya bei.

Mmoja wetu akikataa peke yake kuiwasha mashine mbovu, ataitwa mvivu na kazi atapewa jirani yake. Tukikataa wote kwa siku moja, swichi itanunuliwa kabla ya saa ya chakula. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi hatuko tayari kutoa hata hicho kimoja.

UMOJA NI NGUVU.

Ni sisi wenzenu wa karakana.