Daktari Aliyebaki Karema

Waingereza hawajamsahau Dakta W. G. Grace. Alifuzu udaktari mwaka 1879, akatibu wagonjwa mjini Bristol, lakini sifa yake kubwa ilitokana na mchezo wa kriketi. Aliitwa mchezaji wa ridhaa, ingawa alijipatia fedha nyingi kuliko wachezaji waliolipwa mishahara. Tangu 1923 lango la kiwanja cha Lord's, London, lina jina lake.

Mwaka huo huo wa 1879 Wabelgiji walianzisha kituo Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ambako leo ni Mkoa wa Katavi. Miaka kumi baadaye alifika hapo daktari mwingine, Adrian Atiman. Huyu alizaliwa yapata 1866 karibu na Timbuktu. Alitekwa angali mtoto, akavushwa Jangwa la Sahara akiwa mtumwa, hata Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria na kumpeleka Malta kusomea udaktari. Akiisha kufika Karema, alioa mwenyeji wa hapo, mwanawe Joseph akawa padre, naye mwenyewe akawatumikia watu wa mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67.

Mtu aliyeuzwa kama bidhaa angeweza kuudai ulimwengu deni kubwa. Atiman aliwapa wengine uzima, tena katika nchi asiyozaliwa. Kama neno ridhaa lina maana, maana yake ndiyo hiyo.

Twayakumbusha haya kwa sababu yanatuhusu hata sasa. Mtumishi wa afya akipangiwa zahanati ya mbali, mara nyingi huanza kutafuta uhamisho kabla hajafungua mizigo yake. Ni haki kumkumbusha kiapo chake. Lakini si haki kumlaumu yeye peke yake ikiwa hana nyumba, maji ni ya kutafuta, na dawa hazimfikii. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walakini mgeni hukaa pale tu anapokaribishwa.

Kwa hiyo, pamoja na kulitukuza jina la Atiman, hatuna budi kuirithi kazi yake. Serikali itimize wajibu wake wa nyumba na dawa. Vijiji navyo vimpokee mganga kama ndugu. Na walimu wawasimulie watoto wa Mpanda na Karema habari zake. Huenda miongoni mwao yumo atakayesoma udaktari, kisha akarudi, akabaki.