Picha Nayo ni Shahidi: Ihojiwe



Mwezi wa Mei 2008 watu 11 walichomwa moto hadi kufa katika kijiji cha Nyakeo na vijiji vya jirani, huku kwetu Kisii. Wanane walikuwa wanawake na watatu wanaume, karibu wote wazee. Genge lilipita nyumba kwa nyumba likiwa na orodha ya majina. Na ushahidi ulikuwa nini? Daftari la mwanafunzi, lililosemekana kuokotwa katika shule ya msingi, ambamo eti mliandikwa kumbukumbu za mkutano wa wachawi na majina ya watu watakaorogwa baadaye. Tangu lini wachawi wakawa na katibu wa kuandika kumbukumbu? Lakini waliobeba viberiti hawakungoja kuuliza mwandiko ule ni wa nani.

Tunalianza jambo la picha kwa habari ya daftari kwa sababu maradhi ni yale yale. Kitu kinachoonekana kwa macho huwekwa mbele ya watu, mtu mmoja akasema maana yake, na umati ukaenda. Mwaka 2008 kilikuwa kitabu cha kurasa chache. Leo ni picha, nayo hufika Nyansiongo, Keroka na Ogembo kwa dakika ileile moja, mkononi mwa kila mtu.

Wapenzi wa Biblia watakumbuka kanzu ya Yusufu. Ndugu zake walichinja mbuzi, wakaichovya kanzu katika damu, wakampelekea baba yao. Angalieni ujanja wao. Kanzu ilikuwa ya Yusufu kwelikweli. Damu ilikuwa damu kwelikweli. Wala hawakumwambia mzee kwamba mwanawe amekufa; walimwomba tu aitazame kama anaitambua. Habari ya mnyama mkali aliitunga Yakobo mwenyewe, kwa uchungu wake, akaomboleza siku nyingi kwa ajili ya mtu aliyekuwa hai. Hivyo ndivyo picha nyingi za habari zinavyotupotosha. Si lazima picha ighushiwe. Yatosha ivuliwe mahali pake na siku yake, ikabidhiwe kwa mtu mwenye hofu, naye ataimalizia.

Mfano uko karibu nasi. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, katika barabara ya kutoka Bukavu kwenda Uvira, mashariki ya Kongo. Watu walikimbilia kuchota mafuta. Wengine walikuwa vibandani wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Picha ya maiti zao, zilizoungua na kulazwa chini safu kwa safu, ilianza baadaye kuzunguka duniani ikiwa na maelezo mengine kabisa: kwamba hao ni Wakristo wa Nigeria waliochomwa na Waislamu. Makanisa yaliipokea, watu wakaombea, wakalia, wakawapelekea wengine. Wakristo wa Nigeria wameteswa kweli, na mateso yao yana ushahidi wake. Hawahitaji maiti za kuazima. Nao wafu wa Sange walinyang'anywa hata kifo chao. Sisi Wakenya tungepaswa kuwa wa kwanza kuishuku picha ile, maana tarehe 31 Januari 2009, kule Sachang'wan karibu na Molo, zaidi ya wenzetu 100 waliteketea kwa namna hiyohiyo, wakichota mafuta ya lori lililoanguka. Tulijua maiti za moto wa petroli zinavyoonekana. Hatukuuliza.

Mtu asidhani hayo ni mambo ya mbali. Katika mpaka wa Borabu na Sotik, mapema mwaka 2008, nyumba zilichomwa pande zote mbili. Nyumba ya mabati ya Mgusii na nyumba ya mabati ya Mkipsigis, zikiungua, hakuna awezaye kuzitofautisha kwa picha. Moshi ni uleule, mahindi yaliyokanyagwa ni yaleyale. Picha moja ya namna hiyo ikitumwa Nyansiongo yaweza kuitwa ya kwetu, na ikitumwa Sotik ikaitwa ya kwao, na vijana wa pande zote mbili wakachukua pinde kwa sababu ya picha hiyo hiyo. Wakati ule silaha kubwa ya uvumi ilikuwa ujumbe mfupi wa maneno. Tumwogope Mungu tukifikiri ingekuwaje kama kila simu ingekuwa na kamera na njia ya kusambaza picha kama zilivyo simu za leo.

Kuna na lile ambalo picha haliwezi kulionyesha hata ikiwa ya kweli tupu. Picha za video za wazee wakichomwa Kisii zimezunguka katika intaneti kwa miaka mingi, mara nyingi bila tarehe wala jina la kijiji. Anayezitazama akiwa Nairobi au Uingereza huondoka na neno moja: ushirikina. Mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wanne wazee walipouawa Marani, neno likawa hilohilo. Lakini kamera haina njia ya kupiga picha hati ya shamba. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba. Panapokuwa na msongamano wa namna hiyo, mjane mwenye kipande cha ardhi na asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea ni mtu aliye hatarini, na imeelezwa mara nyingi, na watu wa kwetu wenyewe, kwamba shutuma za uchawi huanzia kwenye mgogoro wa urithi. Mpiga picha hufika moto ukiwa tayari umewaka. Ugomvi wa mpaka wa shamba uliochukua miaka kumi haumo katika picha yake, wala hatuna haki ya kumlaumu yeye. Ni kazi yetu kuuliza kilichokuwa nje ya fremu.

Hapa wapenda mageuzi watasema: tulipigania kuona, nanyi sasa mwatuambia tusiamini macho yetu? Swali hilo ni la haki, na lina historia. Katika uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988 wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea au mawakala walioshika picha za wagombea. Kila mtu aliona foleni ipi ilikuwa ndefu. Kisha, mahali pengi, mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi, na watu walipotawanyika hapakubaki karatasi ya kuhesabu upya. Jarida la Beyond la Baraza la Makanisa lililothubutu kuyaandika hayo lilipigwa marufuku mwaka huohuo, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akashtakiwa. Tarehe 30 Desemba 2007, saa zile ambazo nchi ilihitaji mno kuona, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 25 Juni 2025, zaidi ya miaka thelathini baada ya kifungu cha 2A kufutwa, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru tena redio na televisheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na vituo vikazimwa mitambo hadi Mahakama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo. Mtawala anayeficha picha anajua nguvu yake kuliko sisi.

Kwa hiyo hatusemi watu wasiamini. Asiyeamini picha yoyote ni mtumishi mzuri wa mdhalimu, kwa kuwa picha ya kweli ya polisi akimpiga mwananchi nayo ataiita ya uongo, iliyotengenezwa kwa akili mnemba. Na picha za kutengenezwa kwa kompyuta zipo, tena zinazidi. Ndiyo maana kisingizio hicho kinapata wateja.

Tunalosema ni kwamba picha ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Sheria ya Musa haikumhukumu mtu kwa neno la shahidi mmoja. Ilitaka wawili au watatu. Tarehe 10 Juni 1999 Mchungaji Timothy Njoya alipopigwa marungu nje ya Bunge, hakuna aliyeweza kulikana tendo lile, kwa sababu siku ilijulikana, mahali palijulikana, na kulikuwa na picha za magazeti na picha za televisheni zilizokubaliana. Mwezi wa Aprili 2025 shirika la BBC lilitoa filamu kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi penye Bunge tarehe 25 Juni 2024. Watengenezaji wake walichambua picha zaidi ya 5,000, nyingi zilizopigwa na wananchi wa kawaida, wakazilinganisha kwa saa na kwa pembe hadi wakaonyesha askari waliofyatua risasi. Picha moja pekee isingetosha. Vijana wale waliopiga picha kwa simu na kuzihifadhi zikiwa na saa na mahali pake walifanya kazi ya ushahidi bila kujua.

Basi kwa makanisa na makundi yetu ya Kisii na Nyamira tuna ombi ambalo si kubwa. Mzee wa kanisa au kiongozi wa vijana anayepokea picha ya kutisha asiisome mimbarini wala kuituma katika kundi la waumini kabla hajajua ilipigwa wapi, lini, na nani. Simu iliyoileta picha yaweza pia kuitafutia asili yake. Kijana yeyote wa shule ya upili ataonyesha namna. Ikiwa ni picha ya mkutano wa siasa, atazame ikiwa mpiga picha alisimama chini karibu na jukwaa, mahali ambapo watu mia mbili huonekana elfu mbili, au juu ambapo nyasi tupu za uwanja huonekana. Na ikiwa picha inamtaja mtu kuwa mchawi, mwizi au adui, isitoke katika simu yake kabisa. Apelekewe chifu, mchungaji na jamaa za anayetajwa, mchana, mbele ya watu.

Ombi la pili ni kwa familia na washirika wa Nyakeo na Marani. Ulimwengu umewaona wazee wetu wakiwa majivu. Bila shaka zipo picha nyingine, za arusi, za ubatizo, za wajukuu, katika masanduku na katika kuta za nyumba. Familia zikiridhia, na kwa masharti watakayoweka wenyewe, makanisa yao yazikusanye na kuzitundika mahali waumini wanapoingilia, kila moja ikiwa na mwaka ilipopigwa.