Uchambuzi: Takwimu za VVU Uganda, ni nani anayehesabiwa?

Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, hofu kubwa nchini Uganda ilikuwa juu ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Ipo hasara nyingine iliyozungumzwa kidogo: tafiti zinazoonyesha dawa hizo zinahitajika wapi, na kwa watu wangapi. Mwezi uliofuata ilisitishwa pia programu ya tafiti za idadi ya watu na afya, DHS, ambayo Uganda imekuwa ikiitumia tangu mwisho wa miaka ya 1980.

Uzito wa jambo hili unaonekana Mbuya, mashariki mwa jiji la Kampala. Juu ya kilima zipo nyumba za wenye uwezo pamoja na hospitali ya jeshi. Bondeni, Kinawataka, familia zimebanana katika vyumba vya kupanga. Katika parokia ya Kikatoliki ya hapo ndipo mradi wa Reach Out ulipoanzishwa mwaka 2001 kuwahudumia wanaoishi na VVU. Anayewapima wanaofika kwenye mradi huo pekee atapata kiwango cha juu kupita kiasi. Anayebisha hodi kwenye mageti ya kilimani pekee atapata picha tofauti kabisa. Wote wawili watakuwa wamehesabu sawasawa, lakini hakuna atakayekuwa ameijua Mbuya.

Kliniki au kaya?

Kwa miaka mingi nchi za Afrika zilikadiria maambukizi kwa kupima damu ya wajawazito waliohudhuria kliniki maalumu. Njia hiyo ilikuwa nafuu, na ilifaa kuonyesha kama maambukizi yanapanda au yanashuka. Lakini iliwaacha nje wanaume na wanawake wasio wajawazito, na kliniki nyingi zilikuwa mijini au kando ya barabara kuu.

Kenya ilionyesha tofauti hiyo waziwazi. Makadirio ya mwaka 2001 yalikuwa takriban asilimia 15 ya watu wazima. Utafiti wa kaya wa mwaka 2003 ulipata asilimia 6.7. Nchini Uganda, utafiti wa kaya wa 2004-05 ulipata asilimia 6.4. Mwaka 2007, Umoja wa Mataifa ulishusha makadirio ya dunia kutoka karibu watu milioni 40 hadi milioni 33, kwa sehemu kubwa kutokana na takwimu bora za aina hiyo.

Nguvu ya utafiti wa kaya imo katika uteuzi. Kwanza maeneo ya kuhesabia watu yaliyotengwa wakati wa sensa huchaguliwa kwa kura, mijini na vijijini. Kisha kaya ndani ya kila eneo huchaguliwa kwa kura pia. Mhojaji akikuta mlango umefungwa hurudi tena. Haruhusiwi kuhamia kwa jirani.

Orodha nayo huchakaa. Sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6, ile ya 2024, milioni 45.9. Sampuli inayotegemea orodha ya zamani huwaacha nje wengi waliohamia mabondeni.

Wasioonekana

Njia hii nayo ina mapengo. Kwa kawaida tafiti za kaya hazigusi kambi za jeshi wala mabweni, na vijana wanaoshinda kazini hukosekana. Aidha, sampuli ya taifa hutoa majibu kwa kanda. Haiwezi kusema lolote la uhakika kuhusu Mbuya peke yake.

Hata hivyo, tafiti hizi zikikoma, serikali itabaki na kumbukumbu za vituo vya afya, yaani za watu waliofika. Na kituo kikifungwa kwa kukosa fedha, idadi ya wagonjwa kwenye daftari itapungua bila mtu hata mmoja kupona. Asiyekuwa na picha nyingine ya kulinganisha anaweza kuusoma upungufu huo kuwa ni mafanikio.